Nusu Kilo, na Mfupa

Walikuwa wanazungumzia bomba la maji la Pasua,
lile lililopasuka tangu Kwaresima,
ndipo kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono
akauliza kisichohusiana na maji:
Mheshimiwa, na hizi ndoa za mume kwa mume,
wewe unasemaje?

Diwani Kiwia alikuwa na njia ya kutokea.
Angekohoa. Angesema tumwachie Mungu,
tukacheka, tukarudi kwenye bomba.
Akasema: Mimi nimeoa mwanamke, inanitosha.
Wengine wakitaka kuoana,
mimi si kufuli la mlango wao.

Ulimi hauna mfupa,
na yeye ni mtu wa mifupa:
ana bucha pale kona ya Majengo, vigae vyeupe,
na shoka analolinoa Ndesario kila alfajiri.

Jumatatu paja zima lilining'inia hadi saa kumi.
Jumanne halikupungua.
Jumatano wateja walikuwa inzi,
na redio ikiongea peke yake.

Mimi sikubaliani naye. Niseme mapema
msije mkanisoma vibaya.
Ndoa ni nini nilifundishwa kwenye kipaimara,
kitambaa cheupe kichwani,
na sijafundishwa upya.

Na kususa nakujua.
Mwaka ule Mangesho alipogombea,
akatamka jukwaani kwamba mjane asirithi kihamba
na udongo wa kaburi la mume wangu haujakauka,
nilipita mbele ya mashine yake ya kusaga
na debe langu kichwani. Nikapita.
Miezi saba, hadi Kiboriloni, kwa miguu.
Hakuna aliyenituma. Shingo iliuma.
Kila hatua ilikuwa neno
nisiloweza kulitamka mbele ya wanaume wale.
Kwa hiyo siwezi kumwambia jirani, nunua.
Shilingi ya mtu nayo ina mdomo,
na mdomo una haki ya kufumba.

Lakini Alhamisi nikaona kiti.
Kiti cha plastiki, mkabala na bucha,
na juu yake Anandumi fundi saa,
mtu ninayemwamkia kila siku,
daftari la mistari magotini,
anaandika nani kaingia.

Hapo tumbo likanigeuka.
Mangesho mimi sikumwekea mlinzi.
Aliyetaka unga alisaga,
akaenda kwake na vumbi jeupe kwenye nyusi,
hakuna aliyemwandika.

Nilikuwa nimeshaloweka maharage.
Nikavuka barabara.

Ndesario alishtuka,
akafuta mizani ambayo haikuwa chafu.
Nusu kilo, nikasema, na mfupa usininyime.
Diwani akatoka chumba cha nyuma, macho mekundu,
akafungua mikono kutaka kunishukuru.
Usinishukuru, nikamwambia. Ulilolisema silikubali,
na bomba la Pasua bado linavuja.
Akacheka. Kidogo tu,
kama mtu anayejaribu kiatu kilichokauka juani.

Nikatoka na mfuko, nikasimama mbele ya kiti.
Andika, nikamwambia Anandumi.
Ndeanasia, mjane wa Elifasi. Nusu kilo.
Andika pia kwamba hatukupatana, mimi na mwenye bucha.
Akasema hakuna safu ya hilo.
Chora.

Akaandika Nde, kalamu ikagoma.
Akaitikisa, akaipulizia ncha,
akaisugua kwenye soli ya kandambili.
Mimi nasubiri. Watu wanapita, wanatutazama.
Kisha, bila kuinua uso, akaniuliza taratibu
nyama yenyewe ikoje leo.

Ngumu, nikasema.
Na ilikuwa ngumu kweli. Niliichemsha
hadi saa tatu usiku, mkaa ukaisha,
nikaongeza vijiti vya mgomba mkavu, moshi ukanitoa machozi,
na maharage nikayala kesho yake.